Kiu Si Mimba

Ninyi mliopewa jerikani zangu, kaeni chini kwanza. Hapo hapo kwenye nyasi. Najua mlidhani nitawaachia jerikani mbili za manjano, vikombe na gunia, niseme kwaheri niondoke. Siondoki hivyo. Kazi hii nimeifanya miaka tisa. Niliianza nikiwa na miaka kumi na tisa, sijaolewa; naiacha nikiwa na watoto watatu, wa kwanza Keza, na wa mwisho bado yuko titini. Mume wangu amepata kazi ya gereji Mbarara, tunahamia huko. Mtacheka: mstaafu wa miaka ishirini na minane! Chekeni. Miaka ni ishirini na minane, lakini shingo ni ya bibi wa sabini, kwa kubeba maji ya watu.

Kazi yenyewe haina jina kubwa. Katika timu yetu ya wasichana ya Rubondo, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kocha anaitwa kocha, kapteni anaitwa kapteni, mimi niliitwa "yule wa maji." Nami nawaambia kwa majivuno, na sitashusha sauti: hakuna mtu aliyeijua miili ya wasichana hawa kuliko mimi. Kocha alijua miguu yao. Mimi nilijua lini walikojoa.

Ndiyo, nimesema kukojoa. Lizoeeni neno hilo kabla hamjagusa kikombe. Kwa kulionea haya neno hilo, msichana anayeitwa Divine alibaki na wiki mbili tu za kuokoa shule yake, na hasira ya siku zile bado ninayo hapa kifuani. Ndiyo maana nimeandika badala ya kuwaambia kwa mdomo. Kwa mdomo ningepiga kelele, na mtoto amelala.

Lakini Divine namfikia. Kwanza mjue mimi mwenyewe nilivyokosea, msije mkadhani nilizaliwa na akili hizi.

Nilikuwa mchezaji, winga wa kushoto, mpaka goti lilipogeuka upande usio wake. Kocha Zakayo akaniambia, "Basi weye utabeba maji." Zakayo ni Mkongomani wa Kivu, mtu mzuri, mkaidi kama mlango uliovimba kwa mvua. Kwao alicheza mpira mpaka akatajwa redioni, na alikuwa na sheria moja kuhusu maji: mchezaji hamezi.

"Basukutue, bateme!" alikuwa akipiga kelele. "Maji ni ya mudomo, hapana ya tumbo. Shiye tulichezaka dakika makumi kenda bila kumeza hata tone, na angalia, niko muzima!"

"Kocha, mbona kila baada ya mechi unaumwa kichwa?"

"Iyo ni mawazo ya mechi."

Mawazo ya mechi! Mkojo wake ulikuwa rangi ya chai ya rangi, sina shaka, ingawa sikwenda kuuchungulia.

Shida nyingine ni kwamba wasichana wetu wengi ni Warundi kama mimi, wamelelewa vizuri, na aliyelelewa vizuri hanywi kabla ya mkubwa wake. Mkubwa pale kiwanjani ni kocha. Kocha hanywi. Basi wote wanakaa, midomo imekauka kama maganda ya mhogo, wanamtazama mzee mmoja anayejivunia kiu. Ningebishana naye mpaka leo. Sikubishana. Nilichemsha chai nyepesi ya tangawizi, nikaipoza, nikampelekea kwenye kikombe chake cha bati. Chai kwake si maji. Akanywa. Alipoinua kikombe tu, wasichana kumi na wanne wakainua vyao. Hilo ndilo somo la kwanza: mtafuteni mkubwa wa mahali, anywe chochote, wengine watafuata.

Nikadhani nimeshinda. Kiangazi hicho nikaanza kuona kitu: nyasi za uwanja mzima zimekuwa kahawia, ila nyuma ya benchi letu ni kijani kibichi, zinanawiri. Nikadhani ni mbolea ya ng'ombe wanaopita. Kumbe ni mimi ninayemwagilia! Nilikuwa nampa msichana kikombe, anakipokea kwa mikono miwili, anasema asante, nikigeuza mgongo anamwaga. Kipa wetu wa wakati huo, mpole kuliko wote, ndiye aliyenionea huruma.

"Dada, tusamehe. Hujaonja."

Hujaonja! Kwetu anayekupa kinywaji huonja yeye kwanza mbele yako, ujue hakukutilia kitu. Nilijua hilo tangu mdogo. Lakini nilikuwa nimetoka sekondari na masomo yangu ya usafi, kila mtu na kikombe chake, usiguse cha mwenzio kwa mdomo, nikajiona mstaarabu. Ustaarabu wangu ukanywesha nyasi. Tangu siku hiyo nina kikombe changu mwenyewe, chekundu. Namimina kutoka jerikani ile ile, mbele ya macho yao, nakunywa mpaka chini, ndipo nagawa. Usafi umebaki, na wao wanakunywa. Msiache kufanya hivyo hata siku moja, hata mkiona mmezoeana.

Kosa la chumvi nalo nitalisema kabla kipa hajawasimulia kwa ubaya. Siku za jua kali, au mtu akiwa amehara, maji matupu hayatoshi. Mwili umetoa chumvi pia. Kipimo ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu kwa kisu. Cha chai! Mimi siku ya kwanza nilikosa kijiko cha chai, nikachukua kile cha kupakulia maharagwe. Kipindi cha pili mabeki wote watatu walikuwa wanakimbia, kweli, lakini si kuelekea kwenye mpira. Tulifungwa mabao matano. Tangu hapo kijiko nimekifunga kwa kamba kwenye mpini wa jerikani. Onjeni: isiwe na chumvi kuzidi machozi. Ikizidi, mwageni, msione huruma.

Aliyenifundisha mengi hakuwa kocha wala nesi. Ni Hajati Mwajuma, Mwislamu wa Mbarara, anauza juisi ya pasheni na tangawizi sokoni, mama mnene mwenye kicheko kinachosikika mpaka upande wa samaki. Nilikuwa naenda kwake kununua vikombe vya plastiki. Siku moja nimefika nimetoka Nakivale bila kunywa, nikanyakua jagi la maji, nikataka kulimaliza. Akanishika mkono.

"Wewe mtoto yangu, ngoja. Mwili iko kama shamba. Ukimwaga debe yote mara moja, maji inakimbia inaenda kwa jirani. Kunywa kidogo. Pumua. Kunywa tena."

"Hajati, nina kiu."

"Kiu ikifika, wewe umeshachelewa. Sisi tunafunga mwezi nzima, mimi nafundisha watoto yangu: jioni tende, maji kidogo, swala, halafu maji tena. Yule anayekunywa kama ng'ombe anatapika kama ng'ombe."

"Ng'ombe hatapiki, Hajati."

"Basi anatapika kama wewe!"

Nami nilimdharau, nikaenda kutapika kweli, nyuma ya meza za nyanya. Hajati akacheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mama: "Ukienda chooni, mkojo rangi gani?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Akanieleza: ukiwa mweupe wa kukaribia njano, kama maji yaliyooshewa ndizi, uko sawa. Ukiwa njano ya kukolea, ongeza. Ukiwa kama chai, au hukojoi kabisa mchana kutwa, acha ulichokuwa unafanya, ukae kivulini. Nimetumia kipimo hicho kwa wachezaji, kwa wanangu, kwa mama mkwe wangu ambaye alikuwa anaitwa mchawi kwa sababu ya ukali wake wa mchana, kumbe alikuwa hanywi maji toka asubuhi. Tulimnywesha. Bado ni mkali, lakini sasa ni jioni tu.

Basi kwa siku ya mechi: vikombe viwili mapema, saa mbili kabla, wapate muda wa kuyatoa. Wakati wa mchezo, mafunda machache kila mpira unaposimama. Baada ya mchezo wanywe tena, polepole, pamoja na chakula. Msizidishe! Mwaka mmoja nilihubiri maji mpaka nikapitiliza, nikawanywesha kama ng'ombe wa Endiinzi wanaposhuka kwenye bwawa. Msichana mmoja alimaliza peke yake karibu robo jerikani, akaanza kuumwa kichwa, akavimba vidole, akatapika juu ya viatu vya mwamuzi. Maji mengi mno kwa mara moja nayo ni hatari, yanaosha chumvi yote mwilini. Nilimpeleka kituo cha afya mwenyewe. Sikuwahi tena kumlazimisha mtu.

Jerikani ioshwe kila Ijumaa kwa sabuni, mchanga na vijiwe, tikisa mpaka mkono uchoke. Isiwe imewahi kuwekwa mafuta ya taa. Ukinusa ukasema "labda," basi jibu ni hapana. Maji ya pampu yatieni dawa au yachemsheni. Jerikani ivalisheni gunia lililoloweshwa, muiweke penye upepo, maji yatakuwa ya baridi bila friji. Hiyo ya gunia ni yangu mwenyewe, sikufundishwa na mtu.

Sasa Divine.

Divine alikuwa namba saba. Mwembamba, mkimya, lakini akipata mpira upande wa kulia, mabeki walikuwa wanaanza kusali. Alikuwa amemaliza shule ya msingi, amekaa nyumbani mwaka mzima, kwa sababu baba yake hakuwa na uwezo wa kumpeleka mbele. Ndipo shule moja ya sekondari ya Mbarara ikaanza kutafuta wasichana wa timu yao. Atakayechaguliwa atasoma bila kulipa. Mwalimu wao wa michezo, mama Munyankore, mwenyeji wa huko, anayeitwa Kamusiime, akatuita tucheze na timu yake kule Mbarara ili atazame.

Tuliondoka jua likichomoza, wasichana kumi na wanne nyuma ya pikapu. Niligawa maji. Wote wakainua vikombe, Divine naye. Nilionja, nilifanya kila kitu. Kitu nisichokifanya ni kumtazama kooni. Alikuwa anagusisha mdomo tu, hamezi. Hakuwa amemeza kitu tangu jana yake mchana.

Na si yeye peke yake. Baadaye ndipo nilijua kwamba nusu ya timu ilikuwa inafanya hivyo miaka yote, karibu na pua yangu! Sababu ni choo. Kiwanja chetu cha Rubondo hakikuwa na choo. Cha shule ya msingi kilifungwa kwa kufuli siku zisizo za masomo. Wavulana walikuwa wanageukia mti. Msichana ageukie wapi? Na tukienda ugenini, hakuna aliyejua choo kiko wapi, wala aliyethubutu kuuliza. Kwa hiyo walikuwa wanajikausha makusudi, toka jana, ili wasijisikie haja mbele ya watu. Na mimi miaka sita nimewabebea maji kwa shingo, nahesabu vikombe, sijawahi kujiuliza yatatokea wapi. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko la chumvi, na halichekeshi.

Mechi ilianza jua likiwa katikati. Kipindi cha kwanza Divine alicheza vizuri mpaka Mwalimu Kamusiime akasimama. Kipindi cha pili nikaona ameacha kutoka jasho. Kisha akachukua mpira, akaanza kutembea nao polepole kuelekea goli letu wenyewe. Watu wakacheka. Akakaa. Akalala.

Nilivuka uwanja na goti langu bovu kabla mwamuzi hajapuliza filimbi. Sikilizeni vizuri hapa. Aliyezimia msimwekee maji mdomoni, yataingia mapafuni. Mpelekeni kivulini, inueni miguu, mvueni viatu, kitenge kilicholowa kwenye shingo na kwapani, mpepeeni, na mwingine akimbie kutafuta gari. Nilimwita.

"Divine! Leo ni siku gani?"

Alifumbua macho. "Mama Keza... tumeshafika Mbarara?"

Ndipo nikaanza kumpa, kijiko kwa kijiko, huku tukimpeleka zahanati. Kwenye gari nikamuuliza, "Mara ya mwisho umekojoa lini?" Akageuza uso. "Niambie au nitakupiga!" Akasema, "Jana. Jioni." Pale zahanati nesi alimtundikia dripu mbili, akasema neno moja: maji. Mtoto huyu amekauka, ana kiu, basi.

Lakini wakati namvua viatu pale uwanjani, mama mmoja wa kwetu, wa Rubondo hapa hapa, aliyekuja kushangilia, alikuwa ameshasema kwa sauti, "Huyo ana kitu tumboni." Nami nilikuwa na kazi mikononi, sikumjibu. Ni hicho ninachojilaumia. Pikapu lilipofika Rubondo, lile neno lilikuwa limetutangulia kwa simu. Mvulana akianguka uwanjani ana malaria. Mwanaume akianguka shambani amechoka, aletewe kiti. Msichana akianguka, ana mimba! Hakuna anayemuuliza amekunywa nini. Wote wanamtazama tumbo.

Baba yake, Mzee Anselme, alikuwa amesimama mlangoni. Huyu mzee ni mjane, Mkatoliki wa misa ya kila siku, na kazi yake ni kuchimba mashimo ya vyoo. Nusu ya vyoo vya Rubondo ni mikono yake.

"Mama Keza," akasema, "umeniletea mtoto au umeniletea aibu?"

"Nimekuletea mtoto mwenye kiu, mzee wangu. Nesi ameandika hapa."

"Kiu haiangushi mtu. Mimi nachimba mashimo juani miaka ishirini, kiu haijaniangusha hata siku moja."

"Basi mpime," jirani mmoja akadakia kutoka nyuma ya ua.

Divine ambaye hasemi, siku hiyo alisema. "Sipimwi. Sijafanya kitu. Mimi si ng'ombe wa mnadani."

Nilitaka kumkumbatia. Baba yake hakutaka. "Alhamisi atakwenda Endiinzi kwa shangazi yake," akasema. "Atakaa huko mpaka ijulikane."

"Ijulikane nini, Mzee?"

"Ijulikane, Mama Keza. Nenda kanyonyeshe mtoto wako."

Jioni hiyo Kocha Zakayo alipigiwa simu na Mwalimu Kamusiime. Aliweka simu wazi nisikie. "Kocha, ile namba saba iko mzuri sana. Lakini mtoto wa kuanguka siwezi kuchukua, wakubwa wangu watakataa. Mimi nakuja huko kwenu Jumamosi ile ingine, timu yangu icheze na yenu. Akimaliza mechi, nachukua. Akianguka, bwana, hapana."

Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Divine asiende Endiinzi Alhamisi. Na ili acheze mpaka mwisho ilikuwa lazima anywe, na ili anywe ilikuwa lazima pawe na choo. Nilimgeukia kocha nikamwambia, "Kesho tunachimba." Nilidhani atabisha. Mzee huyu aliyekuwa ametajwa redioni alizima simu, akaiweka mfukoni.

"Mama Keza," akasema, "weye unataka kusema batoto bote babo banateswa na kiu ju ya haya?"

"Ndiyo, kocha."

"Na miye niko nabaambia bateme." Akakuna kichwa. "Jembe langu iko fasi gani?"

Jumatatu tulianza, timu nzima, na majembe na sururu za kuazima, mwanangu mgongoni. Tulichagua mahali pazuri, laini, hatua kumi tu kutoka kwenye pampu, upande wa juu. Tulikuwa tumefika magotini na tunaimba nilipomwona Mzee Anselme amesimama njiani, anatutazama kama mtu anayetazama wezi.

"Nani amewaambia mchimbe hapo?"

"Mimi, Mzee."

"Umesoma sekondari, Mama Keza?"

"Nimesoma."

"Walikufundisha kunywa mavi?"

Akaingia katikati yetu, akaninyang'anya sururu. Kosa la kijinga, nalikiri, tena la mtu wa maji! Choo juu ya pampu, kila mvua inashusha uchafu mpaka kwenye kikombe. Mzee akapiga hatua hamsini kuteremka, upande wa chini, akachomeka fimbo. "Hapa. Na hilo lenu fukieni leo leo, sitaki kupita njia hii nikalione." Nilidhani ataondoka. Lakini hakuweza kuvumilia kutuona tunavyoshika sururu. Alianza kuonyesha, kisha kusahihisha, na mchana akawa yuko shimoni peke yake, anatutukana kutoka chini. Hakutamka jina la Divine, na Divine alikuwa anavuta udongo kwa kamba bila kumtazama baba yake.

Jumanne na Jumatano alirudi. Kila nikimpelekea maji, anakataa. "Nikiwa shimoni sinywi."

"Kwa nini, Mzee?"

"Nikinywa nitataka kutoka. Kupanda na kushuka kila mara, kazi itaisha lini?"

Nilimtazama. Alikuwa ameniambia sababu ile ile ya binti yake, neno kwa neno, na hakuisikia. Nikafunga mdomo. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi, na kwangu ndiyo ngumu kuliko jerikani.

Jumatano mchana, shimo likiwa limempita kichwa, sururu iliacha kulia. Nikachungulia. Mzee Anselme ameegemea ukuta wa udongo, misuli ya mguu imekaza, macho yanazunguka. "Kamba!" nikapiga kelele. Tulimvuta wasichana wanane na kocha. Tukamlaza kivulini, tukampepea. Divine ndiye aliyeleta kikombe. Alionja mbele yake, akampa kwa mikono miwili, na mzee akanywa, akaomba kingine. Rangi ikaanza kumrudi usoni.

Hapo ndipo nilipaswa kunyamaza. Lakini siku tatu nilikuwa nimenyamaza.

"Mzee Anselme," nikasema, "nikuulize kwa heshima zote. Ni ya miezi mingapi?"

"Miezi mingapi nini?"

"Hiyo mimba."

Kocha alifunika mdomo kwa kofia. Mimi nilijua nimevuka, huyu ni mzee, ni sawa na baba yangu, na kesho yake ni Alhamisi. Mzee alitazama kikombe, akatazama shimo, akamtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha ndani, kikavu, kisha chote kikatoka, na wasichana wakaanguka chini kwa kucheka naye.

"Yoo, Mama Keza! Mdomo wako utakuua." Akajifuta macho. Alipomaliza kucheka alimwambia Divine, kwa sauti ndogo ambayo sisi wengine tulijifanya hatuisikii, "Endiinzi huendi. Nisamehe, mwanangu. Nipe kikombe cha tatu."

Ijumaa jioni choo kilikuwa kimesimama: mlango wa bati, kuta za turubai, jerikani ya kunawia mikono imening'inia nje. Wiki yote iliyofuata Divine alifanya mazoezi na kunywa, na kila akitoka chooni alikuwa ananiambia rangi bila kuulizwa. "Ya ndizi, Mama Keza." Sijawahi kufurahia habari kama hiyo.

Jumamosi ya mechi watu walijaa kuliko siku ya Pasaka, na nawajua, wengine walikuja kutazama tumbo. Mwalimu Kamusiime alikaa kwenye kiti cha kanisa, na daftari. Mapumziko yalipofika nilionja, nikagawa. Divine alimeza, nilimtazama kooni. Kisha akasimama, akarekebisha soksi zake, akatembea kukata katikati ya uwanja mbele ya watu wote, kuelekea chooni. Hakukimbia. Hakuinamisha kichwa. Mzee Anselme alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono kifuani, anamkazia macho kila aliyethubutu kugeuza shingo. Divine akatoka, akanawa, akarudi kwa mwendo ule ule. Nyuma yake wakasimama wengine wanne, wakafuata njia hiyo hiyo. Nililia kidogo. Ni jasho, niliwaambia.

Alicheza mpaka filimbi ya mwisho. Alitoa krosi moja iliyozaa bao, tukashinda mawili kwa moja, na dakika za mwisho, wakati wasichana wa Mbarara wameshika viuno, yeye alikuwa bado anakimbia. Yule mama wa "kitu tumboni" aliondoka mapema. Nilimwona. Nilimpungia mkono.

Mwalimu Kamusiime akafunga daftari, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Anselme. "Mzee, namba saba nachukua. Muhula ukifunguliwa tu alete sanduku yake. Iko na swali?"

Tulidhani atauliza habari za chakula, au misa, au wavulana. Mzee alivua kofia.

"Choo cha wasichana kiko umbali gani kutoka kiwanjani?"

Mwalimu alifikiri. Akasema kwa kweli hajui vizuri, kipo nyuma ya mabweni.

"Basi nitakuja kukiona mwenyewe."

Jumatatu alipanda gari kwenda Mbarara na kamba yake ya kupimia. Alirudi jioni, akasema shimo ni zuri, limechimbwa na mtu anayejua kazi, lakini mlango haufungi kwa ndani. Siku ya kumpeleka Divine alibeba sanduku kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili komeo, bawaba mbili na nyundo. Mtoto wake sasa yuko senior tatu, na mlango unafunga.